Mstari Uliofichwa

Kazi yangu ni kuharibu. Wenzangu wanatengeneza programu, mimi naziharibu kabla wateja hawajaziharibu wenyewe, kisha naandika zilivyoharibika na nani azirudie. Ofisini wananiita Mama Makosa. Sijawahi kukasirika, maana kuna wanaoitwa kwa mabaya zaidi. Mtengeneza programu anayekaa mkabala nami tunamwita Fundi Kesho, kwa kuwa ukimpelekea kosa lolote, kubwa au dogo, jibu lake ni hilo hilo.

Mfumo tuliokuwa nao mkononi ulikuwa wa kliniki. Mgonjwa anapangiwa miadi, siku moja kabla anapata ujumbe wa kumkumbusha kwenye simu, anajibu NDIYO au HAPANA, na karani wa mapokezi analiona jibu kwenye kompyuta yake. Ukiusimulia hivyo unaonekana kazi ya mchana mmoja. Sisi ulitutoa jasho.

Kuujaribu mfumo wa namna hiyo kunataka wagonjwa, na wagonjwa wa kubuni hawana simu. Ujumbe lazima ufike mikononi mwa mtu wa kweli, naye ajibu. Ndipo ofisini petu ikazuka desturi kwamba kila mtu aweke watu wake. Tulikuwa na jedwali moja kwenye kompyuta, kila mstari mgonjwa mmoja: jina, namba ya simu, umri, siku ya miadi, hali yake, na safu ya mwisho ilikuwa ya matokeo tunayoyatarajia. Humo walijaa shemeji, binamu na majirani wa ofisi nzima. Mjomba wake Fundi Kesho tulimpangia kliniki ya wajawazito, tukitegemea mfumo utamkataa. Haukumkataa. Mjomba alikumbushwa kuja na kadi yake ya uzazi, akampigia mpwa wake kumuuliza kama mshahara anaolipwa ni wa kazi hiyo.

Mama yangu alikuwa mgonjwa bora kuliko wote. Alikuwa kweli akihudhuria kliniki kwa ajili ya presha, kwa hiyo kuitwa kwake halikuwa jambo geni, na aliwaona wasiojibu simu kuwa watu wasiolelewa. Wakati huo nilikuwa napitisha majaribio kwa mkono, mstari mmoja baada ya mwingine, na nikifika kwenye wake sikuhitaji hata kunyoosha mgongo. Ujumbe ukitoka, NDIYO inaingia. Jioni alikuwa akinipigia. "Leo umenipangia daktari wa meno," alisema siku moja. "Meno yenyewe uliyaona wapi?"

Mstari uliofuata wake ulikuwa wa baba. Baba ni fundi wa makochi aliyestaafu, na simu kwake ni chombo cha kupigiwa. Meseji hazifungui. Zinajaa mpaka simu yenyewe inalalamika, naye anaizima na kuiwasha tena, anadhani ameitibu. Tulimtumia kama mfano wa mgonjwa asiyejibu. Kwenye safu ya matokeo niliandika "Hajibu", na baba hakuwahi kutuangusha.

Safu ya hali ilikuwa na machaguo matatu tu: Yuko hai, Amehama, Amefariki. Wagonjwa wetu wote walikuwa hai au wamehama. Mkuu wetu wa kazi, mama mmoja mwenye haraka ambaye hula chakula chake amesimama, aliwahi kuuliza kikaoni kwa nini hakuna aliyefariki. Watu wakatazama meza. Kumwandikia ndugu yako kwamba amefariki, naye yuko nyumbani anakunywa chai, ni uchuro, na hakuna mshahara unaotosha kufanya uchuro. Fundi Kesho akasema, "Tuanze na wa kwako, bosi." Mkuu akasema kikao kimekwisha.

Kisha mama akafariki. Presha ilimpanda asubuhi, na mchana tulikuwa tunauliza bei ya sanda. Sina zaidi ya kusema juu ya siku hiyo, kwa sababu sikumbuki zaidi. Nakumbuka watu wakiniambia nilie, itanisaidia. Nilikubaliana nao, kama unavyokubaliana na mtu anayekuelekeza njia usiyokwenda. Ganzi iliniingia tangu siku ile. Nilikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu, unajua ni wako lakini ukiukanyagia huusikii. Nilikula, nilioga, nilisema asante kwa kila aliyenipa pole, na sikusikia kitu.

Niliporudi kazini nilifungua jedwali, na mstari wake ukanitazama. Jina, simu, umri, Yuko hai, NDIYO. Kuufuta ni kubonyeza mara moja. Kidole kilikataa. Kubadili hali yake kilikataa zaidi. Basi nikafanya jambo la tatu, ambalo jedwali linaruhusu: nikauficha. Ukificha mstari hauonekani kwenye kioo cha kompyuta, ila namba za pembeni zinaruka moja, kama pengo la jino. Hakuna aliyeliona pengo hilo. Niliendelea kupitisha mistari kwa mkono, nikifika pale nikaruka kwa baba, baba hajibu, nikaendelea.

Mambo yangebaki hivyo kama Mkuu asingetuletea Mkwe.

Mkwe ni jina tulilompa sisi. Ilikuwa programu ya kufanya majaribio yenyewe: unaiunganisha na jedwali, inachukua mstari wa kwanza, inaupeleka kwenye mfumo, inangoja jibu, inalinganisha na safu ya matokeo, inaandika Imefaulu kwa kijani au Imeshindwa kwa nyekundu, kisha inashika mstari unaofuata. Haichoki na haina haya. Tuliiita Mkwe kwa sababu inaingia nyumbani kwako, inafunua kila sufuria, na ikitoka huko ripoti yake imeshafika ukoo mzima.

Mkuu alitaka Mkwe awe ameunganishwa kabla ya mwisho wa wiki, kwa kuwa wiki iliyofuata kliniki za mji mzima zilikuwa zianze kuutumia mfumo. Kazi hiyo nilipewa mimi. Nilimwonyesha Mkwe faili liko wapi, ukurasa upi, vichwa vya safu viko mstari gani, safu ya simu iingie kisanduku kipi na ya miadi kipi. Mara ya kwanza alikataa wagonjwa wote. Nilihangaika naye mpaka nikagundua jedwali lilikuwa limezichukulia namba za simu kama hesabu, na katika hesabu sifuri ya mwanzo haina maana, kwa hiyo lilikuwa limeidondosha kimya kimya kila Mkwe alipokuja kusoma. Nikaliambia jedwali kwamba hayo ni maandishi, liyaache yalivyo. Sifuri zikarudi. Nikamwachia Mkwe aende, nikaenda kuchukua chai.

Niliporudi alikuwa amemaliza, na ripoti ilikuwa mbele yangu. Mjomba kijani. Shemeji wa mhasibu kijani. Baba kijani, hakujibu kama ilivyotarajiwa. Na juu ya baba, mahali ambapo kwenye jedwali langu hapakuwa na kitu, palikuwa na mama.

Nilijua papo hapo nini kimetokea. Jambo hilo tunawafundisha wanagenzi wiki ya kwanza. Mkwe hatazami kioo, anasoma faili lenyewe, na ndani ya faili mstari uliofichwa uko pale pale na maneno yake yote. Wahenga wanasema mficha maradhi kilio humfichua. Mimi nilikificha kilio chenyewe, na bado kikanifichua. Lakini hilo silo lililonifanya niweke kikombe chini. Mama alikuwa kijani. Ujumbe ulikuwa umetumwa kwenye simu yake, na kwenye safu ya jibu kulikuwa na neno moja: NDIYO.

Sikupiga kelele. Nilikaa nikilitazama neno lile. Nadhani mtu mwenye akili zake angeogopa au angelia, mimi niliangalia kama limeandikwa kwa herufi kubwa, kwa sababu mfumo wetu ulikuwa na tatizo na herufi ndogo. Lilikuwa kwa herufi kubwa. Mama aliandika hivyo siku zote. Fundi Kesho akaniuliza kama Mkwe anafanya kazi. Nikasema anafanya.

Simu ya mama ilikuwa nyumbani, hilo nililijua. Baba hakutaka izimwe. Aliichaji kila siku kwenye soketi ya sebuleni, na hakuna aliyemuuliza kwa nini. Kwa hiyo aliyejibu ni baba, mtu asiyefungua meseji, na kwamba angeifungua ile ya mama hata asipofungua zake lilikuwa jambo ambalo ningepaswa kulijua. Jioni nilipita nyumbani nikiwa nimeazimia kumweleza. Nikamkuta anakula wali wa jana. Katikati ya sebule kilikuwa kiti cha mama, ambacho baba alikuwa amekivua kitambaa kabla ya msiba ili akivishe kipya, na tangu hapo kilibaki mifupa na springi. Hakuna aliyeweza kukikalia wala kukiondoa. Tulikizunguka kama wageni. Baba aliniuliza kama nimekula, nikasema nimekula, ambayo haikuwa kweli. Nilimwangalia nikaona nikifungua mdomo itabidi nitamke lile neno, amefariki, nikasema nawahi. Akasema basi, uende salama.

Asubuhi iliyofuata, Mkuu akiwa amesimama nyuma yangu anasoma ripoti na kusema hatimaye kuna kitu kimekwenda sawa katika ofisi hii, simu yangu ikalia. Alikuwa baba.

"Niko kliniki," alisema. "Wanasema mama yako hayumo. Njoo uzungumze nao wewe, labda mimi sieleweki."

Nilimwambia Mkuu natoka. Aliuliza kwenda wapi na ripoti ndiyo hii. Nilikuwa nimeshasimama, na nadhani ndiyo mara ya kwanza aliniona vizuri, maana alisogea.

Kliniki ilikuwa na foleni yake ya kila siku. Baba nilimkuta kwenye benchi la pembeni, lile wanalowekwa watu ambao karani hajui awafanye nini. Alikuwa amevaa koti lake la shughuli na viatu alivyovipiga rangi. Magotini alishika mfuko wa plastiki, na ndani yake ilikuwa kadi ya kliniki ya mama. Pembeni yake aliacha nafasi ya mtu mmoja. Nikamwamkia, akaitika, akaniambia nikae. Nikakaa.

"Nilikuja kuwaambia," alisema. "Mtu anangojwa, watu wamempangia nafasi, si vizuri kukaa kimya. Nikasema niende mwenyewe, niwaambie wasimngoje. Yule kijana akatafuta kwenye orodha ya leo, ananiambia huyo hayumo. Nikamwonyesha simu. Anasema hayumo, mzee, hayumo kabisa."

"Kwa nini ulijibu ndiyo, baba?"

"Wameandika jibu ndiyo au hapana." Aliutazama mfuko. "Ningejibu hapana, wangesema hataki kuja. Mama yako hakuwa mtu wa kuitwa akakataa."

Nikamwambia ule ujumbe haukutoka kliniki, ulitoka kwangu. Ilinichukua muda kumweleza. Nilimweleza habari ya jedwali, habari ya ndugu za watu, na kwamba mama akisema "naitwa" mara nyingi nilikuwa namwita mimi. Hilo alilipokea vizuri kuliko nilivyofikiri. Alisema sasa anaelewa kwa nini mama aliitwa kliniki ya meno, na kwamba yeye alidhani daktari yule hana adabu. Aliuliza kama yeye mwenyewe yumo. Nikasema yumo, mstari wa chini ya mama, na kazi yake ni kutojibu. Akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa cheo asichokiomba.

Kisha akarudi pale pale. "Kwa hiyo mama yako bado yumo."

"Yumo. Nilimficha."

"Ulimficha wapi?"

"Hapo hapo. Yupo ila haonekani."

Baba amefanya kazi maisha yake yote na vitu vinavyofichwa, mbao mbovu chini ya kitambaa kizuri, na siku zote aliwachukia mafundi wa namna hiyo. Aliniangalia kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza kwa mara ya kwanza tangu mazishi, mahali fulani chini ya mbavu.

"Mtu hafichwi, mwanangu," alisema. "Mtu huzikwa."

Karani aliita jina la mtu, mwanamke mmoja akainuka na mtoto mgongoni. Baba alimfuata kwa macho mpaka mlangoni. Halafu akaniuliza swali ambalo ofisi yetu nzima, na digrii zake zote ukutani, ilikuwa imelikwepa.

"Na mkishaanza kweli, mwenzangu mwingine amekaa na simu ya marehemu mkewe, naye ataitiwa?"

Nilisema sijui. Kwa mtu wa kazi yangu hilo ni neno la aibu, kwa kuwa nalipwa nisiseme hivyo. Lakini sikujua, na nilijua pia kwa nini sikujua. Tuliogopa uchuro. Tuliwapa mimba wajomba na meno vibogoyo, na hatukuthubutu kumjaribu maiti hata mmoja, ilhali wiki ijayo mfumo ulikuwa unaingia kwenye mji ambao watu wake wanakufa kila siku. Baba alikunja mfuko wa plastiki, akautia mfukoni mwa koti.

"Basi kaandike," alisema.

Nikarudi ofisini, nikafungua jedwali, nikaufichua mstari. Namba za pembeni zikajipanga sawa, pengo likazibika. Nikaenda safu ya hali, nikafungua yale machaguo matatu. Mhasibu alipita, akaona ninachofanya, akapunguza mwendo, akaniwekea mkono begani kidogo, akaenda zake. Nikachagua la tatu. Halafu safu ya matokeo, nikafuta NDIYO ya mama na kuandika: Ujumbe usitumwe. Nikampigia baba nikamwambia akae karibu na simu ya mama. Nikamwachia Mkwe mstari ule mmoja.

Baba alinipigia chai yangu haijapoa. "Ameitwa," alisema tu.

Kwenye kioo changu palikuwa pekundu. Nilimpelekea Fundi Kesho. Alisoma mstari, akasoma jina, na nilimwona akilitambua, kwa sababu mama aliwahi kumpigia yeye kimakosa na wakaongea muda mrefu juu ya mjomba wake mjamzito. Alifungua programu yake, akatafuta, akakaa ameshika kichwa. Tatizo lilikuwa dogo, na udogo wake ndio ulionitia hasira. Mfumo ulikuwa unahifadhi hali ya mgonjwa vizuri kabisa, lakini wakati wa kutuma ujumbe hauiulizi. Unaangalia tarehe tu. Ungemkumbusha marehemu kila mwezi, na mfiwa akijibu kwa niaba yake ungempangia miadi mingine.

Nilingoja neno lake. Fundi Kesho hakulisema. "Leo," alisema, akavuta kiti karibu na meza. Mkuu naye alikuja kusimama nyuma yetu, akasoma, na hakuuliza kitu juu ya ratiba. Alisema tu kwamba haitaanza mpaka huu mstari uwe kijani, akaenda kula chakula chake, na safari hii nilimwona amekaa.

Fundi alimaliza jioni. Mkwe ningeweza kumwachia pale pale ofisini, lakini sikutaka baba akae peke yake na simu akingoja isilie. Nikamwambia Fundi nitafanya jaribio kesho, akacheka kidogo, kwani neno lake limehamia kwangu.

Ilikuwa Jumamosi. Nilifika asubuhi na kompyuta yangu begani, baba amefagia, amepika chai. Tukakaa mezani. Simu ya mama aliichomoa kwenye chaji, akaiweka katikati yetu karibu na bakuli la sukari. Nilimweleza kwamba safari hii nawapitisha wote, wanaanza wa mbele, kisha mama. Akavaa miwani ingawa hakukuwa na cha kusoma.

Nikabonyeza. Majina ya ndugu za watu yakaanza kupita kwenye kioo, kijani, kijani, kijani. Kisha Mkwe akafika kwa mama, na akasimama.

Jibu la kutotumwa kwa ujumbe halina mlio. Ili Mkwe ajue kwamba ujumbe haukutumwa, hana njia nyingine ila kungoja kwa muda tuliomwekea, na usipotokea ndipo anahukumu. Kwa hiyo tulingoja. Baba alikuwa ameweka mikono yote miwili mezani, mmoja upande huu wa simu, mmoja upande ule, bila kuigusa. Nje mtu alikuwa anaburuta ndoo. Nilimwangalia baba usoni nikaona kwamba nusu yake ilikuwa inaomba isilie, na nusu nyingine ilikuwa inaomba ilie mara moja tu zaidi. Nililijua hilo kwa sababu hata mimi niliomba hivyo hivyo. Simu ilibaki kimya, kioo chake cheusi kikionyesha balbu ya dari.

Mkwe akaandika: Imefaulu.

"Ndiyo hivyo?" baba aliuliza.

"Ndiyo hivyo. Hataitwa tena. Wala wengine."

Akaishika simu, akaizima. Sijui kama ni ule mlio mfupi wa kuaga ambao simu hutoa, lakini ganzi ikanitoka, na ilivyotoka ilikuwa kama mguu unavyoamka, yaani kwa maumivu. Nililia mezani kwa baba yangu kama ambavyo sikulia msibani, kwa sauti, pua na yote. Mama yangu amefariki. Nilisema hivyo, kwa mdomo wangu. Baba hakuniambia ninyamaze. Alinisogezea kitambaa cha meza, kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu.

Ndipo mfuko wa shati lake ukalia.

Mkwe hajui msiba. Alikuwa ameshika mstari unaofuata. Baba aliitoa simu yake, akaitazama kama kitu alichouziwa kimakosa, na kwa mara ya kwanza machoni pangu akafungua meseji. Akaisoma kwa sauti, polepole: unakumbushwa miadi yako ya kesho saa tatu asubuhi, jibu NDIYO au HAPANA.

"Nijibu?"

"Wewe hujibu, baba. Ndiyo kazi yako humo."

"Lakini wanauliza kama nitakuja." Akashusha miwani puani, akaandika kwa kidole kimoja, herufi kubwa, akichungulia kila alipobonyeza kama imeingia. Akatuma.

Kwenye kioo changu mstari wake ukageuka mwekundu. Ilitarajiwa: Hajibu. Iliyotokea: NDIYO. Imeshindwa. Aliuona wekundu, akaniuliza amefanya nini. Nikajifuta uso kwa kitambaa cha meza, nikamwambia ameniharibia jaribio.

"Pole," alisema, na hakuirudisha simu mfukoni. Aliiweka mezani pale ilipokuwa ya mama, kioo juu, akanimiminia chai.